Nguzo Isiyo na Vidato

Mkwezi wa nazi huku kwetu pwani hutegemea vidato vilivyochongwa kwenye mnazi. Binti wa Kayole au Umoja anayeanza kucheza dansi ya nguzo katika vilabu vya Nairobi hana kidato hata kimoja. Anakabiliana na bomba la chuma laini, lenye unene wa milimita 45 hivi, na kinachomzuia asiporomoke ni ngozi yake mwenyewe. Ndiyo sababu huvaa kaptura fupi, kwani kitambaa huteleza, na akijipaka mafuta siku hiyo ndiyo balaa. Habari ya sitara tuwaachie masheikh. Lakini Wachina katika sarakasi hukwea mlingoti uliovikwa mpira, nao huvaa suruali ndefu.

Majuma ya kwanza ni ya maumivu. Mapaja huvilia damu, viganja hutoka malengelenge, na vifundo vya mikono hulalamika. Mwenye busara hujifunza kushuka kabla ya kujifunza kupanda, na kila mtindo huufanya kwa upande wa kuume na wa kushoto, asije akawa na bega moja la mwanamasumbwi.

Vijana wa Eastlands wanaojifunza sarakasi kule Ngara, katika jengo lililokuwa sinema ya Shan, wana mwalimu. Binti wa klabu mara nyingi huiga wenzake tu, juu ya sakafu ngumu. Mwenye klabu anayevuna pesa kwa dansi hiyo hashindwi kununua godoro la mazoezi.