Risasi ya 7.62 haina milimita 7.62

Wandugu, huku Munigi ganda la risasi kati ya mawe meusi ya volkano si kitu cha kushangaza mtu tena. Kinachonishangaza mimi ni picha za WhatsApp. Mtu anaweka risasi kando ya rula, anaandika: "Nimepima, iko milimita 7.9. Kalashi ni 7.62. Kwa hiyo hii si ya Kalashi, imetoka jeshi lingine." Halafu watu wanagombana usiku mzima, na jina la kabila fulani linaingia katikati.

Hesabu ya huyo ndugu ni sawa. Ni maana ya namba ndiyo imemponyoka.

Angalia ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa: si bomba laini. Kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta, kama shamba la viazi lililopindwa na kuingizwa ndani ya bomba. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja bila kubiringita hewani. Kwa hiyo mtutu mmoja una vipimo viwili: kutoka tuta hadi tuta la ng'ambo, na kutoka chini ya mfereji hadi chini ya mfereji wa ng'ambo. Kwa Kalashi cha kwanza ni 7.62, cha pili ni karibu 7.92. Jina limefuata matuta. Risasi yenyewe inafuata mifereji, juu lazima ijaze nafasi yote, vinginevyo moshi wa baruti unapita kando yake na nguvu inapotea. Ndiyo maana ukipima risasi unapata 7.9 na kitu.

Na usidhani kila "7.62" ni ndugu wa tumbo moja. Ile ya NATO risasi yake ni kama 7.82. Ya 5.56 ina 5.70. Bunduki ya zamani ya Waingereza, ile ya .303 ya inchi, jina lake ni milimita 7.70 lakini risasi yake ni kama 7.90. Majina ni ya kiwandani, vipimo ni vya chuma.

Mafundi wa bunduki wanajuaje upana wa mifereji wasiyoweza kuufikia? Njia ya kale ni rahisi mpaka inachekesha: bunduki ikiwa tupu, kipande cha risasi laini (hapa nasema madini yenyewe, plumbu) kinasukumwa polepole mtutu mzima. Kinatoka upande wa pili kimebeba chapa ya matuta na mifereji yote, kisha kinapimwa. Mtu anayemimina risasi zake mwenyewe kwa plumbu, kama wawindaji wa nchi nyingi, anazitaka zipite kipimo cha mifereji kidogo sana, mia mbili au tatu za milimita, ili zizibe vizuri. Mtutu wenye mifereji mitano unasumbua: kila mfereji unatazamana na tuta, basi kifaa cha taya mbili kinakudanganya.

Tofauti hiyo ya bomba laini na bomba lenye mifereji iliwahi kuwa sheria juu ya babu zetu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, Kongo ikiwemo. Wenyeji waliweza kuuziwa, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifereji. Wakati huohuo Force Publique ya Leopold ilikuwa na Albini za Kibelgiji za milimita 11, zenye mifereji. Unaelewa basi kwa nini upande mmoja ulipiga mbali na mwingine ulipiga karibu. Na risasi za upande huo wenye nguvu zilihesabiwa: askari alidaiwa mkono wa mtu aliyeuawa ili kuonyesha kwamba hakuipoteza bure.

Turudi kwenye picha yetu. Risasi ya 7.92 inasema nini? Kidogo tu. Inaweza kutoka Kalashi, inaweza kutoka PKM, ambayo kipimo chake ni kilekile. Hapo uzito unasaidia zaidi, gramu 8 hivi dhidi ya 9 na nusu au zaidi. Haisemi nani alipiga. Huku kwetu jeshi, makundi, polisi, Wazalendo, wote wameshika jamii moja ya bunduki. Tundu la bati ni bure zaidi: risasi ikiingia kwa kulala, tundu linakuwa refu kama yai, na ukilipima unajidanganya.

Ganda linaongea zaidi kuliko risasi. Kwenye kitako chake mara nyingi kuna alama za kiwanda na mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha Kongo tangu 2004 wanasoma hizo. Hata hapo, alama inasema ilitengenezwa wapi, haisemi ilipitia mikono mingapi.

Kinachoweza kufunga risasi moja na bunduki moja ni mikwaruzo midogo ya matuta juu ya risasi, ikilinganishwa chini ya darubini na risasi nyingine iliyopigwa kwa bunduki ileile. Mikwaruzo hiyo inaharibika upesi. Koleo la chuma la daktari linaweza kuifuta wakati wa kuitoa mwilini. Rula ya chuma ya ndugu yetu wa WhatsApp pia, na mfuko wa suruali wenye funguo.

Kwa hiyo ukiona ganda au risasi, piga picha pale pale lilipo, rula kando bila kugusa, andika mahali, tarehe na saa, na kitako kikionekana kukipiga, kipige pia. Kama kitu ni kikubwa kuliko kidole gumba, au kina mapezi nyuma, usikaribie hata kwa picha: makombora ya mota ya milimita 60, 82 na 120 yanatoka kwenye bomba laini lisilo na mfereji wowote, na lile ambalo halijalipuka bado linaweza kulipuka. Waite wataalamu wa kutegua, na watoto wakae mbali.