Ukitaka kumwona mamba wa Ziwa Victoria, toka mapema

Sisi watu wa pwani tukitajiwa boti na kisiwa, akili hukimbilia kasa na pomboo. Kisumu mambo ni mengine. Ukipanda boti Dunga ukaingia Ghuba ya Winam, mtambaazi wa kumtafuta ni mamba, na baada yake kenge.

Mimi hupenda kuelekea Kisiwa cha Ndere, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1986. Ni kidogo, kama kilomita 4 za mraba tu. Toka mapema. Mwili wa mamba haujipashi joto wenyewe, kwa hivyo jua likianza kupata nguvu hutoka majini akajilaza ukingoni. Huenda ukamkuta ameachama. Wageni hudhani anatisha watu, kumbe anapunguza joto. Kenge naye usimdhanie mtoto wa mamba: shingo yake ni ndefu, ulimi umegawanyika kama wa nyoka, na mayai ya mamba ni chakula anachokipenda mno.

Mwambie nahodha azime injini mkiwa bado mbali, boti ijisogeze yenyewe. Mkifika na kelele mtaona mkia tu ukizama.

Lakini huyo anayeota jua si wa kuogopwa sana. Umemwona, naye kakuona. Wa kuogopwa ni aliye majini. Macho, masikio na pua za mamba ziko juu ya kichwa, hivyo huficha mwili mzima na bado akaona, akasikia na kupumua. Penye magugu maji ndipo pabaya zaidi, maana vinundu viwili katikati ya majani ni vigumu kuviona. Usining'inize mkono nje ya boti, hata maji yakiwa yametulia kama ya kwenye beseni.

Sisi wageni tunachagua kukaa mbali na maji. Wavuvi na akina mama wanaofua hawana hiari hiyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtaja mamba miongoni mwa wanyama ambao wakiua mtu, familia hulipwa fidia ya shilingi milioni 5, ila malipo ya namna hiyo yamejulikana kwa kuchelewa. Kwa hivyo ukimwona mamba karibu na mahali watu wanapochota maji, usiishie kupiga picha. Mwombe nahodha awaambie watu wa ufuo ule, na maafisa wa KWS wapigiwe simu siku hiyo hiyo.