Kiti cha Choo cha Kunawia: Pima Kwanza, Ndio Ulipe

Uko Awendo na umechoka kununua tishu kila wiki? Kuna kiti cha choo chenye kibomba cha kunawia. Hakitumii stima, ni presha ya maji tu. Lakini kabla hujalipa, hakikisha choo chako ni cha kuflashi na tangi liko juu. Kila mita ya urefu huongeza presha ya baa 0.1 pekee, kwa hivyo tangi likiwa chini, maji yatadondoka tu. Pima pia umbali kati ya matundu ya skrubu. Mara nyingi ni kama sentimita 14.

Ukiagiza kutoka Kisumu au Nairobi, omba kulipa mzigo ukifika. Jina la till likikataa kulingana na la duka, usiweke PIN. Pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi.