Deni, Dai na Debiti: Utata wa Istilahi ya Salio katika Uhasibu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili maana ya salio debiti katika uhasibu, na utata unaojitokeza dhana hiyo inapoelezwa kwa neno deni. Suala hili haliwahusu wahasibu peke yao. Mkulima wa kahawa wa Nkoaranga, katika miteremko ya Mlima Meru, asipoelewa kadi yake ya chama cha ushirika aweza kudhani kuwa anadai, kumbe anadaiwa.

2.0 Uchambuzi

Debiti ni upande wa kushoto wa hesabu; krediti ni wa kulia. Jumla ya kushoto inapozidi ya kulia, tofauti yake huitwa salio debiti. Tuseme chama kimemkopesha mwanachama pembejeo za sh. 120,000, naye ameleta kahawa ya sh. 90,000. Katika leja ya chama, hesabu yake ina salio debiti la sh. 30,000: yeye ni mdaiwa, na kwa chama kiasi hicho ni mali. Katika daftari la mwanachama mwenyewe, kiasi hichohicho ni salio krediti.

Hapa neno deni halitoshi. Husemwa "nimelipa deni langu", na pia "nilipe deni langu"; umbo ni moja, mielekeo ni miwili. Kitenzi dai hakina kasoro hiyo, kwani kauli ya kutendwa humtenga mdai na mdaiwa, kama ifanyavyo jozi kongwe ya wia na wiwa. Debiti yenyewe inatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwiwa. Wafanyabiashara wa Venice, ambao utaratibu wao ulielezwa katika kitabu cha Luca Pacioli kilichochapishwa mwaka 1494, walizitaja pande hizo kwa maana ya "apaswa kutoa" na "apaswa kupata".

Hata hivyo, neno mdaiwa nalo lina mipaka. Fedha taslimu za chama zina salio debiti, ilhali hakuna anayedaiwa.

3.0 Hitimisho

Tunapendekeza kuwa debiti na krediti zibaki istilahi za pande za hesabu, na dai pamoja na minyambuliko yake itumike kwa uhusiano baina ya watu. Leja iandike "salio debiti", kadi ya mwanachama iandike "unadaiwa sh. 30,000". Kiambishi -w- ndicho kitakachomweleza mkulima kama atapokea fedha au atazitoa.