Medali za Henderson zinasema nini?

Wenzangu, ukipita Mtaa wa Kimathi pale Nairobi utaona sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa 2007. Sasa, aliyeongoza msako uliomnasa Oktoba 1956 ni ofisa wa polisi wa kikoloni, Ian Henderson, naye ana medali zake. Nani shujaa hapo?

Kwanza tuzielewe zenyewe. Kuanzia 1934, polisi wa makoloni ya Uingereza alipewa medali ya utumishi mrefu akitimiza miaka 18 bila doa. Doa machoni pa wakubwa wake, lakini. George Medal, iliyoanzishwa 1940, ni ya ushujaa; Henderson aliipata mara mbili katika vita dhidi ya Mau Mau.

Mwaka 1964 Kenya huru ikamfukuza. Mwaka 1966 akaenda Bahrain, akaongoza idara ya usalama hadi 1998. Waliowahi kufungwa huko walimtuhumu kwa mateso; yeye alikana. Alifariki 2013, medali zake hajanyang'anywa.

Nilichojifunza ni hiki: medali haimtaji aliyeumia. Inasema tu kwamba aliyeitoa aliridhika. Kwa hiyo ukiiona kifuani mwa mtu, uliza kwanza: nani alimvisha?