Mgonjwa wa Mionzi Asitengwe

Katika baadhi ya familia zetu, mgonjwa wa saratani anayerejea kutoka kwenye tiba ya mionzi hukuta amekwisha kutengewa chumba, sahani na kikombe. Wajukuu huzuiwa wasimkaribie. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wanahofu kwamba mionzi imebaki mwilini mwake na itawadhuru. Hofu hiyo yatupasa kuiondoa kwa elimu.

Tuitazame mashine yenyewe. Mashine iitwayo LINAC, ambayo leo hutumika hata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilimtibu mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 katika Hospitali ya Hammersmith, London. Ndani yake, chembe ndogo mno ziitwazo elektroni husukumwa hadi zikaribie mwendo wa mwanga, kisha hugonga kipande cha madini ya tangsteni. Mgongano huo huzaa eksirei zenye nguvu kuliko zile za kupigia picha, nazo huelekezwa kwenye uvimbe.

La kuzingatia ni hili: mashine ikizimwa, mionzi hukoma papo hapo, kama nuru itowekavyo taa inapozimwa. Mgonjwa harudi nyumbani na mionzi. Aweza kula nasi sinia moja, kumpakata mtoto mchanga, kuketi na mjamzito na kusimama safuni msikitini.

Ipo tiba nyingine ambayo chanzo cha mionzi huingizwa mwilini, kama vile iodini inayomezwa kutibu saratani ya tezi ya thairoidi. Huyo hupewa masharti ya kujitenga kwa muda, na ayafuate. Tusichanganye tiba hizi mbili, tuwaulize wataalamu.

Kinachomdhuru mgonjwa wa LINAC ni kukatisha tiba. Dozi hugawanywa, mara nyingi siku 5 kwa wiki kwa majuma kadhaa, ili seli zenye afya zipate kujirekebisha. Siku zikirukwa ovyo, saratani hupata fursa ya kukua. Naye aliyetengwa na watu wake huvunjika moyo, akaacha kwenda.

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Basi tumsindikize hospitali, tumchangie nauli, na jioni tumwandalie nafasi yake mkekani, katikati ya jamaa zake.