Makerere na Mabinti Wetu

Juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala, kipo chuo kikuu ambacho jina lake limevuma katika Afrika Mashariki nzima. Kilianza mwaka 1922, kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofunzwa useremala, ujenzi na umakanika. Wote walikuwa wanaume, na hata wito wa shule ulisema: "Tuwe wanaume."

Mwaka 1945 walipokelewa wanawake sita wa kwanza. Wito ule haukufaa tena, ukabadilishwa kuwa: "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo." Miongoni mwa wanawake wa mwanzo kusoma hapo alikuwamo Sarah Nyendwoha, aliyejulikana baadaye kama Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hisabati, lakini mwalimu wa somo hilo hakukubali kufundisha darasa lenye mwanamke. Binti huyo hakuvunjika moyo. Alishika masomo mengine, na mwaka 1954 akapata shahada ya historia huko Oxford, Uingereza, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo.

Chuo nacho kilikua. Mwaka 1949 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo, na Mzee Mwai Kibaki vilevile.

Leo kijana anaweza kusomea hapo udaktari, ambao mafunzo yake hufanyika katika hospitali ya Mulago, au kilimo, utabibu wa mifugo, uhandisi, ualimu, sheria, biashara, sanaa na taaluma ya kompyuta.

Tangu mwaka 1990 msichana aliyefaulu huongezewa alama moja na nusu anapoomba kuingia chuo kikuu cha serikali. Matunda yameonekana: katika baadhi ya mahafali ya miaka ya 2020, wanawake waliotunukiwa shahada Makerere walizidi nusu.

Hata hivyo, alama hiyo haimfikii binti aliyeachishwa shule njiani. Familia ya askari huhama kambi hadi kambi, na mara nyingi masomo ya msichana ndiyo hukatika kwanza, abaki nyumbani kulea wadogo zake. Baba na mama wanaomtafutia shule mpya kabla ya kufungua mizigo ndio wanaomfungulia mlango wa Makerere.